Mlima Hupangwa Bondeni

Kila mwaka Pasaka inapokaribia huibuka katika mikutano ya makundi yetu shauri lile lile: twende safari ya miguu ya siku kadhaa, tulale njiani, tupande na kushuka vilima. Shauri hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Mwenye kutembea siku tano na wenzake, akibeba mgongoni kila anachohitaji, hujifunza mambo yasiyofundishika ukumbini. Lakini tazameni jinsi safari hizo zinavyoandaliwa mara nyingi. Mkutano wa kwanza huzungumzia kitenge cha sare. Wa pili huzungumzia michango. Wa tatu huchagua nyimbo na mtu wa kupiga picha. Swali la nani atakuwa wa mwisho katika mstari, na nini kifanyike mvua ikimkuta mlimani, haliulizwi hadi mvua iwe imekwisha kumkuta.

Hapa twataka kutetea jambo moja tu. Safari ya vilimani ya siku nyingi ipangwe kwa kipimo cha yule aendaye polepole kuliko wote. Na maamuzi yake magumu, hasa uamuzi wa kuacha njia ya juu na kushika ya chini, yafanywe bondeni, kabla ya mtu yeyote kuchoka au kuona haya. Kundi lisiloweza kukubaliana juu ya hayo halijawa tayari kuondoka nyumbani.

Ili tusiseme mambo hewani, tuchukue njia moja inayojulikana vizuri. Kaskazini mwa Hispania, kutoka mji wa Oviedo katika nchi ya Asturias hadi Santiago de Compostela katika Galicia, ipo njia ya mahujaji iitwayo Camino Primitivo, yaani Njia ya Asili. Mapokeo husema kwamba mfalme Alfonso wa Pili aliifuata katika karne ya 9, alipopata habari ya kaburi la Mtume Yakobo. Urefu wake unazidi kilometa 300, na wengi huimaliza kwa siku 12 hadi 14. Mwaka 2015 UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia pamoja na njia nyingine za kaskazini mwa nchi hiyo. Vijana Wakatoliki wana sababu nyingine ya kuukumbuka mji wa Santiago, kwa kuwa mwezi wa nane wa mwaka 1989 Papa Yohane Paulo wa Pili alikutana huko na vijana wa dunia katika Siku yao.

Wachache kati yenu mtafika huko. Twaichagua njia hiyo kwa kuwa milima yake haihitaji kamba wala ujuzi wa kupanda majabali. Ni vilima vya malisho na misitu, vyenye vijiji vidogo na makanisa ya mawe. Vilima ambavyo kijana mwenye afya huvidharau akivitazama kwenye ramani. Vilima vya namna hiyo tunavyo kwetu pia, na tabia ya kuvidharau tunayo.

Neno la kwanza katika mpango ni majira. Watu wa Ulaya hupenda kutembea katika majira ya kuchipua, kati ya mwezi wa tatu na wa sita, baridi kali ikiwa imeondoka na joto likiwa halijafika. Lakini miezi hiyo haifanani. Mwanzoni mwa mwezi wa nne, katika vilima vya Asturias, mchana huwa na muda wa saa 13 hivi. Mwishoni mwa mwezi wa tano huwa na saa 15. Katika mwezi wa nne theluji bado yaweza kuanguka kwenye migongo ya juu, tope ni jingi, mvua kutoka baharini haina ratiba, na baadhi ya nyumba za wageni huwa hazijafunguliwa. Kwa hiyo juma mbili au tatu za subira zaweza kubadilisha safari nzima. Anayelazimika kutembea wakati wa Pasaka kwa sababu ya likizo ya shule ana haki ya kufanya hivyo, ila ajue kwamba amechagua mlima mgumu zaidi, naye apunguze mwendo wake wa kila siku.

Kwetu hesabu ni nyingine, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Katika vilima vya Kivu mvua hunyesha kwa wingi tangu mwezi wa tisa hadi wa tano, na kipindi chenye afueni ni mwezi wa sita hadi wa nane. Likizo ya Pasaka huangukia katikati ya mvua. Tena kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima, na giza hushuka upesi. Kijana wa Oviedo akichelewa mwishoni mwa mwezi wa tano bado ana nuru ya jioni ndefu. Sisi hatuna nuru hiyo ya akiba.

Neno la pili ni hesabu ya mwendo. Kutoka Oviedo hadi Grandas de Salime, msafiri wa kawaida aweza kugawanya njia katika siku sita: Oviedo hadi Grado kama kilometa 25, Grado hadi Salas kama 22, Salas hadi Tineo kama 20, Tineo hadi Borres kama 16, Borres hadi Berducedo kama 24, na Berducedo hadi Grandas kama 20. Anayesoma namba hizo peke yake atadhani siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, na siku ya sita ni ya kupumzika. Sivyo. Siku ya sita njia hushuka takriban meta 800 hadi kwenye bwawa la mto Navia, kisha hupanda tena kuelekea Grandas. Mteremko huo ndio unaoharibu magoti na kucha za vidole vya miguu. Kilometa ishirini za tambarare na kilometa ishirini za mteremko ni safari mbili tofauti.

Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni rahisi ambayo bado hutumika: hesabu saa moja kwa kila kilometa tano, kisha ongeza saa moja kwa kila meta 600 za kupanda. Tuijaribu katika siku ya Borres hadi Berducedo, tukikadiria kwamba jumla ya kupanda ni meta 900. Kilometa 24 ni karibu saa tano. Kupanda ni saa moja na nusu. Jumla ni saa sita na nusu. Hesabu hiyo ni ya mtu mzima mwenye nguvu, asiyesimama kunywa maji wala kufunga kiatu. Sasa mchukueni dada yenu mwenye miaka kumi na sita ambaye hajazoea mzigo, anayekwenda kilometa tatu kwa saa. Kilometa 24 kwake ni saa nane. Ongezeni saa moja na nusu ya kupanda, kisha saa moja na nusu ya kupumzika na kula. Mmefika saa 11. Kama mchana una saa 13, mmebakiwa na saa mbili tu za kupotea njia, kutibu malengelenge na kungoja ukungu uondoke. Kama mchana una saa 12, mmebakiwa na moja.

Ni mwendo wa nani basi utakaoandikwa katika mpango? Makundi mengi huandika mwendo wa kiongozi, au wastani wa kundi zima. Wastani hautembei. Anayetembea ni mtu, na kundi halijafika mpaka wa mwisho wao amefika. Kwa hiyo mwendo wa yule wa mwisho ndio mwendo wa kundi. Asiyeujua aujue kabla ya safari: kundi litembee pamoja Jumamosi tatu au nne, likiwa na mizigo ileile ya safari, juu ya kilima kilicho karibu, na mtu mmoja mwenye saa aandike wakati. Ni kazi ya franga chache, nayo huonyesha yale ambayo mkutano wa ukumbini hauwezi kuyaonyesha.

Tufike sasa katika jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Kidogo baada ya Borres, njia ya Asturias hugawanyika. Mkono mmoja hupanda na kufuata mgongo wa mlima unaoitwa Hospitales, kwa sababu zamani palikuwapo nyumba za kuwapokea mahujaji na wagonjwa: Paradiella, Fonfaraón na Valparaíso. Leo imebaki mawe tu. Kwa kilometa nyingi hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna paa. Siku ya jua watu husema ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za njia. Siku ya ukungu mtu haoni alama inayofuata. Mkono wa pili hushuka hadi mji mdogo wa Pola de Allande, wenye maduka na vitanda, kisha kesho yake hupanda bondeni hadi Puerto del Palo, penye kimo cha meta 1,146, ambapo njia hizo mbili hukutana tena.

Waliojenga hospitali zile katika Zama za Kati hawakuzijenga kwa ajili ya wenye nguvu. Walijua kwamba juu pale, kila mwaka, wangekuja watu waliozidiwa, nao wakaweka paa na moto mahali walipotarajia mtu aanguke. Huo ndio upangaji. Mwenye kupanga hukaa mahali dhaifu atakapochoka, akajiuliza atahitaji nini pale.

Mahali pengine serikali imewasaidia wasafiri kuamua. Katika milima ya Pyrenees, kati ya Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa na Roncesvalles nchini Hispania, njia ya juu hufungwa na wakuu wa Navarra tangu tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja hadi tarehe 31 ya mwezi wa tatu, na wasafiri hupita chini, katika bonde la Valcarlos. Kwenye njia panda ya Borres msafiri huamua mwenyewe. Katika vilima vyetu pia hakuna mlinzi wa kufunga njia. Kundi lenyewe ndilo litakalokuwa mlinzi, au halitakuwa naye.

Basi kuna mambo mawili ambayo kundi linapaswa kuyaandika bondeni. La kwanza ni masharti ya kuacha njia ya juu. Yawe machache, tena yaonekane kwa macho, pasiwe na ubishi: ikiwa alfajiri ukungu umefunika mgongo wa mlima, ikiwa mvua na upepo vimekesha, ikiwa mmoja wetu ana homa, anahara au anachechemea, ikiwa saa fulani imepita nasi hatujafika mahali fulani. Likitokea moja tu, twashika njia ya chini, na hakuna kura inayopigwa. Kura ya mlimani si kura. Mwenye maumivu huona haya mbele ya wenzake wenye furaha, naye husema, "Naweza," hali hawezi. Sharti lililoandikwa siku kumi kabla halimwaibishi mtu, kwa kuwa liliandikwa kabla ya kujulikana litamhusu nani.

La pili ni siku ya akiba. Anayeshuka Pola de Allande hutumia siku zaidi. Kundi lililopanga siku sita kamili, lenye gari linalolisubiri jioni ya sita na chakula cha siku sita, limekwisha kuifunga njia ya chini kwa mikono yake. Litapanda katika ukungu, si kwa ushujaa, bali kwa kuwa halina chakula cha siku ya saba. Kila safari ya siku tano iwe na siku ya sita isiyo na kazi, na fedha zake, na posho yake. Isipohitajika, ipumzikeni kwa shukrani.

Tunasikia pingamizi. Wapo watakaosema kwamba mvivu mmoja atawanyima wengine kilele. Huenda. Lakini kundi lililotembea pamoja Jumamosi nne linamjua mvivu na linamjua mgonjwa, wala haliwachanganyi. Tena tuulize kwa uaminifu: kilele kilichofikiwa na kumi, huku wawili wakiwa wameachwa nyuma na chupa moja ya maji, ni ushindi wa nani? Wengine watasema, wasioweza wabaki nyumbani. Hilo laweza kuwa kweli kwa njia fulani, na ndiyo maana ichaguliwe njia ambayo wasio na nguvu sana wanaiweza. Parokia si timu ya mbio. Kundi la Xaveri, Kiro au Skauti linalochagua njia ya kuwashinda nusu ya wanachama wake limechagua kwanza nani si mwanachama.

Wapo pia, na hao ndio tunaowahofia zaidi, watakaosema kwamba safari ya imani haihitaji hesabu: Mungu atatulinda. Sisi pia tunasali kabla ya kuondoka. Lakini Injili ya Luka humsifu yule aketiye kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, na Bwana wetu alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alikataa. Kumpeleka mtoto wa mwenzako juu ya mlima bila koti la mvua, kisha kumwachia Mungu yaliyosalia, kunafanana na mwaliko ule alioukataa Bwana. Sala haichukui nafasi ya koti. Mwenye koti na mwenye sala hawagombani.

Tuseme basi juu ya koti na mzigo. Watembeaji wa njia za Santiago hufuata kipimo hiki: mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 60 abebe kilo sita, pamoja na maji, na kila lita ya maji ni kilo moja. Kipimo hicho hulazimisha kuchagua. Nguo mbili zinatosha, moja ya kutembea na moja kavu ya kulalia, iliyofungwa vema ndani ya mfuko wa plastiki. Soksi jozi tatu. Viatu visiwe vipya. Viwe vimevaliwa kwa majuma kadhaa. Malengelenge hutibiwa pale mahali panapoanza kuwaka, si jioni yakiwa yamepasuka. Filimbi, tochi, kisu kidogo, bendeji. Chungu, dawa na chakula cha pamoja vigawanywe kwa nguvu, si kwa usawa: mwenye mabega mapana abebe zaidi, na asiyeweza abebe kidogo, bila maneno.

Baridi ni adui anayedharauliwa zaidi na watu wa nchi za joto. Mtu hahitaji theluji ili adhurike. Nguo za pamba zilizolowa, upepo wa juu, uchovu na tumbo tupu vyatosha kushusha joto la mwili chini ya nyuzi 35, nako ndiko hatari inakoanzia. Dalili zake zijulikane na wote: mtu hutetemeka, hujikwaa, maneno yake huwa mazito, kisha huanza kusema yasiyoeleweka na kudai kwamba hajambo. Mtu huyo asiulizwe kama aweza kuendelea. Akingwe upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, afunikwe pamoja na mwenzake. Akiwa bado anameza vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Huko Ulaya msafiri hupiga namba 112 kuita msaada. Katika vilima vyetu vingi hakuna namba ya namna hiyo wala mtandao wa simu. Kwa hiyo mpango wetu utaje, kwa kila siku, kituo cha afya kilicho karibu na njia ya kumfikisha mgonjwa huko.

Kwetu kuna hatari nyingine ambayo mtembeaji wa Asturias haijui kwa kiasi hicho. Milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Basi migongo ya milima ivukwe asubuhi, kwa kuwa mara nyingi ngurumo huja baada ya adhuhuri. Mkisikia ngurumo, shukeni. Msikimbilie mti uliosimama peke yake, wala msikusanyike mahali pamoja, na msirudi juu kabla ya nusu saa kupita tangu ngurumo ya mwisho. Mito nayo hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali msipopaona. Kundi lisilo na siku ya akiba huvuka mto uliojaa. Kundi lenye siku ya akiba hungoja upungue.

Karatasi ya kila msafiri ijazwe mapema pamoja na wazazi, na isomwe na mtu mmoja au wawili wanaotunza siri. Nani ana pumu? Nani anatumia dawa kila siku? Nani ana ule ugonjwa wa damu ambao wengi kwetu huuita SS? Kwa huyo, kiu, baridi na jasho jingi vyaweza kuleta maumivu makali, na daktari wake ndiye wa kusema kama aende na kwa masharti gani. Wasichana wasiachwe wajitafutie wenyewe pedi na mahali pa faragha. Hayo yawe katika bajeti kama vile unga na chumvi. Kila kundi dogo liwe na mama au dada mkubwa ambaye wataweza kumwambia shida zao. Chumvi na sukari vibebwe pia kwa ajili ya mwenye kuhara: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi.

Idadi ya watu nayo ni sehemu ya mpango. Nyumba za wageni za umma kwenye njia ya Asturias ni ndogo, na kwa kawaida anayefika kwanza ndiye apataye kitanda. Kundi la watu arobaini likifika mahali penye vitanda ishirini huwafukuza wengine au hulala nje. Vijiji vyetu havina vitanda hivyo, lakini vina visima na vyoo na kuni, navyo vina kikomo. Tunashauri watu wasizidi kumi na wawili katika kundi moja. Mkiwa arobaini, muwe makundi matatu au manne yanayotembea kwa siku au njia tofauti, na mkutane mwisho wa safari. Atangulie mmoja kwenda kwa mkuu wa kijiji na kwa katekista wa kila mahali mtakapolala, majuma mawili kabla, kuomba ruhusa na kuuliza habari za njia na usalama. Wenyeji wakisema njia fulani haifai mwaka huu, isifuatwe. Kuuliza si ujinga.

Mlipo njiani, mwenye mwendo mdogo atembee mbele, nyuma ya mwongoza njia, ili kundi zima lishike mwendo wake. Wa mwisho kabisa awe mtu mwenye nguvu na busara, aliyebeba dawa, ambaye hamwachi yeyote nyuma yake. Watu wahesabiwe katika kila njia panda. Na alama zisomwe kwa pamoja. Mishale ya njano inayowaongoza maelfu hadi Santiago ilianzishwa na paroko wa kijiji cha O Cebreiro, Padri Elías Valiña Sampedro, aliyeshika rangi na brashi mwaka 1984 na kuichora njiani. Ganda la baharini, ambalo ndilo alama ya mahujaji, huwekwa kwa maana tofauti katika Asturias na Galicia, na asiyeuliza huenda akageuka upande usio wake. Mshale ndio wa kufuata. Padri huyo alifikiria mgeni asiyeijua njia, akamrahisishia uamuzi kabla hajafika. Viongozi wa vijana wafanye vivyo hivyo.

Kwa mkutano wenu ujao, tunaomba kitenge na picha viwe mwisho wa ajenda. Mwanzoni wekeni maswali haya, na majibu yake yaandikwe: Nani kati yetu aendaye polepole, na huenda kilometa ngapi kwa saa akiwa na mzigo? Siku ngumu kuliko zote ni ipi, na itachukua saa ngapi kwa mwendo wake? Njia ya chini ya siku hiyo iko wapi? Siku ya akiba ni ipi, na nani amelipia posho yake? Masharti ya kugeuka ni yapi, na nani atayasoma kwa sauti asubuhi ile? Kundi lililokwisha kujibu laweza kupanga tarehe. Kundi lisiloweza kujibu litembee kwanza Jumamosi moja juu ya kilima kilicho nyuma ya parokia, lirudi jioni, na kuuliza tena.